Zawadi ya Noeli kwa Rafiki Aaminiye Hirizi



Majilio yanapoelekea mwisho, nyumba nyingi za kwetu huwa na hesabu mbili mezani. Hesabu ya kwanza ni ya karo ya Januari, na hiyo haingoji mtu. Hesabu ya pili ni ya zawadi: wazazi wa pande zote mbili, watoto wa ubatizo, majirani na marafiki. Leo natamani tuitazame hiyo ya pili mahali inapoleta ugomvi kati ya mume na mke. Mtampa nini rafiki mnayempenda kweli, lakini ambaye moyo wake umezama katika mambo ya waganga, hirizi, mawe ya bahati, au lile fundisho la kuvuta mali kwa nguvu ya mawazo?

Rafiki wa namna hii hayuko mbali. Yuko Nyeri mjini, yuko Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu na Nanyuki. Huenda ni mfanyabiashara aliyezika kitu mlangoni pa duka lake. Huenda ni msomi kabisa, ambaye hucheka matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima, lakini usiku huandika katika daftari aina ya gari analolitaka, hubandika picha ya nyumba ya ghorofa ukutani, kisha hulala akiamini kwamba ulimwengu utamletea. Kitabu cha Rhonda Byrne wa Australia, The Secret, kilichotoka mwaka 2006, kilieneza fundisho hilo duniani kote.

Sasa tuseme mke anasema hivi: “Huyu ni rafiki yangu tangu shuleni. Nilipolazwa, yeye ndiye aliyewapikia watoto. Anapenda yale mawe ya bahati na zile karata za kutazamia. Si ghali. Zawadi ni ya kumfurahisha anayepewa, basi nimnunulie anachokipenda.” Mume anajibu: “Mama watoto, pesa ya nyumba hii haitanunua vitu vya shetani. Na huyo rafiki yako, heri asikanyage hapa.” Nani kati yao ana haki?

Mimi naona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Mke anajua kwamba zawadi inayompuuza anayepewa si zawadi. Mume anajua kwamba huwezi kumpa unayempenda kitu unachoamini kitamdhuru. Kosa la mke ni kudhani kwamba kumpenda mtu ni kukubali kila anachokitaka. Kosa la mume ni kudhani kwamba kukataa kitu ni lazima kumkataa na mtu mwenyewe.

Kwanza tusichanganye mambo. Si kila jambo la mababu ni uchawi. Wakikuyu wa zamani walimtofautisha mundu mugo, mtu aliyetafutwa kwa uponyaji na ushauri, na murogi, ambaye aliogopwa kwa kuwadhuru watu. Jomo Kenyatta alieleza habari za uganga huo katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Wazee waliosali wakielekea Kirinyaga walikuwa wakimwomba Ngai, Muumba. Bibi anayejua majani ya kutuliza tumbo ana elimu ya mimea. Kanisa nalo hutofautisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, namba 2115 hadi 2117, inakataza kupiga ramli, kutafuta kuzitawala nguvu zilizofichika, na kuvaa hirizi. Haikatazi dawa ya miti shamba kwa kuwa ni ya miti shamba. Inachokataza ni kuita nguvu mbaya na kutumia vibaya wepesi wa mwenzako wa kuamini.

Tena tuwe wakweli juu yetu wenyewe. Ni Wakatoliki wangapi huning'iniza rozari garini wasiyoisali, wakiamini kwamba itazuia ajali? Namba 2111 ya Katekisimu hiyo hiyo inaonya kwamba ni ushirikina kutegemea tendo la nje tu la sala au la ishara takatifu, bila moyo unaotakiwa. Kwa hiyo tukimsema rafiki kwa sababu ya jiwe lake, tuangalie kwanza kioo cha gari letu.

Sasa tuje kwa swali lenyewe: kuna ubaya gani kutoa kitu ambacho, kwa imani yetu, hakina nguvu yoyote? Jiwe ni jiwe na karata ni karatasi. Swali hili ni la zamani kuliko Kanisa la Nyeri. Wakristo wa Korintho walimwuliza Mtakatifu Paulo habari za nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Wenye elimu walisema: sanamu si kitu, basi nyama ni nyama tu. Paulo alikubali kwamba sanamu si kitu. Hata hivyo aliwaambia kwamba elimu yao peke yake haitoshi, maana yuko ndugu ambaye kwake sanamu bado ni kitu, na akikuona unakula ataimarishwa katika kosa lake. Someni sura ya 8 na ya 10 za Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho mkiwa pamoja. Mtaona kwamba Paulo hatazami nyama peke yake. Anamtazama pia ndugu aliyeketi karibu na nyama hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa zawadi. Ukimpa rafiki karata za kutazamia, wewe unampa karatasi, lakini yeye anapokea neno lako: “Nami naona njia hii ni njema.” Kesho akiamua kwa karata hizo kama atamwacha mumewe au kama atakopa pesa, sauti yako itakuwamo katika uamuzi huo. Zawadi husema, hata kama mtoaji amenyamaza.

Je, basi tumpe kitabu cha kuonya juu ya uchawi? Hapana. Hiyo ni hotuba iliyofungwa kwa karatasi ya Krismasi. Mtu akifungua zawadi akakuta lawama, ataona kwamba hukumkumbuka yeye, ulikumbuka kosa lake. Wala usimpe rozari kama kinga ya kupambana na hirizi yake, kwa maana utakuwa umemfundisha kwamba rozari ni hirizi yenye nguvu zaidi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Tazameni jinsi uchawi unavyofanya kazi, wa kale na hata huu mpya wa kuvuta mali kwa mawazo. Ndani yake hakuna zawadi. Kuna malipo na matokeo: toa kuku upate mpenzi, sema maneno haya mara nyingi upate gari. Hata baadhi ya wahubiri siku hizi huuza mafuta na kudai mbegu ya pesa kwa mtindo huo huo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Simoni mchawi alipoona Mitume wakiwawekea watu mikono, alitoa fedha ili anunue uwezo huo. Hakuweza kufikiri kwamba kitu cha thamani hivyo chaweza kutolewa bure. Sala ni tofauti. Anayesali anaomba, na anayeombwa ni huru. Ndiyo maana anachopokea anaweza kukiita zawadi na kushukuru. Aliyevuta kitu kwa nguvu ya mawazo yake atamshukuru nani?

Pamoja na malipo kuna hofu. Anayeamini uchawi hutazama hata ukarimu kwa shaka: mbona jirani ameniletea chakula? Katika sehemu nyingi za nchi yetu mwenyeji huonja kinywaji kwanza mbele ya mgeni ili kuondoa shaka hiyo. Basi zawadi ya kawaida, isiyo na sharti na isiyodai kurudishwa, ina kazi kubwa kwa rafiki huyo. Inamwonyesha kwa vitendo kwamba dunia haiendeshwi na biashara na woga peke yake. Haihitaji kuwa ya bei ghali. Kwa kweli zawadi ya bei kubwa huleta deni, na deni tayari analifahamu.

Kwa hiyo tafuteni kitu kinachogusa haja iliyo chini ya kile anachokipenda. Patanisheni kiasi kwanza, tuseme shilingi 500 kwa kila rafiki, na asiwepo mmoja wenu anayenunua kwa siri. Anayependa mimea na harufu, mpeni miche ya rosemary au mchaichai ndani ya mkebe. Anayetaka mali, mpeni mche wa parachichi au wa makadamia aupande mvua za vuli zingalipo. Mche humfundisha kwamba kitu chema hukua kwa jua, maji na kungoja. Anayeishi kwa hofu, mpelekeeni mchele wa pishori wa Mwea, mketi naye na mle pamoja sahani moja. Kiondo cha mkonge kutoka soko la Karatina, chupa ya asali, au kofia ya sufu iliyofumwa kwa mikono yenu kwa baridi ya Julai ni vitu vyenye matumizi ya kweli. Hata pakiti ya kahawa iliyokaangwa ni zawadi nzuri kwetu sisi, ambao mara nyingi huiuza kahawa na kunywa chai.

Na mishumaa au daftari je? Hivi ni vitu vya kila siku, navyo vina matumizi mema mengi. Elimu ya maadili hutofautisha kushirikiana na kosa kwa kulikusudia, na kutoa kitu chema ambacho mwingine huenda akakitumia vibaya. Daftari si dhambi. Lakini kama amekwisha kuwaambia kwamba analitaka kwa kazi ile, na lolote mtakalompa ataliingiza humo, chagueni kitu kingine. Bado viko vingi.

Kwa yule anayesoma nyota, usiku usio na mawingu hapa mlimani hauna bei. Tokeni naye nje na chai ya moto mtazame anga. Mwinjili Mathayo anasimulia kwamba waliotoka mashariki na kuleta dhahabu, uvumba na manemane walikuwa wataalamu wa nyota. Jina walilopewa kwa Kigiriki ni lile lile lililozaa neno la uchawi katika lugha nyingi za Ulaya. Zawadi za Noeli ya kwanza zililetwa na watu wa namna hiyo, na hakuna aliyewafukuza mlangoni. Walikaribishwa, wakamwona Mtoto, kisha wakarudi kwao kwa njia nyingine.

Kuna hatari moja ambayo mume yule hakuifikiria aliposema rafiki asikanyage nyumbani. Neno “mchawi” huua. Mwezi Mei mwaka 2008, huko Kisii, watu zaidi ya kumi, wengi wao wazee, waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kutafuta hirizi kwa hofu si sawa na kuwadhuru watu. Mkimtenga rafiki na kunong'ona juu yake katika jumuiya ndogo ndogo, mnaweza kuwasha moto msioweza kuuzima. Kumbukeni pia Waefeso katika Matendo sura ya 19: waliochoma vitabu vya uchawi, vyenye thamani ya vipande hamsini elfu vya fedha, walichoma vitabu vyao wenyewe. Hawakuingia nyumba ya jirani kuchoma vyake.

Naye rafiki akiwaletea ninyi hirizi au jiwe, itakuwaje? Pokeeni upendo wake na mseme ukweli kwa upole: “Asante kwa kutukumbuka. Lakini sisi hatutumii vitu hivi, na hatutaki kukudanganya kwamba tumekitundika.” Rafiki wa kweli ataumia kidogo, kisha atawaheshimu.

Mwisho, neno kwa wanandoa wenyewe. Huenda mmoja wenu bado anasita hata baada ya mashauriano. Hapo mulizane: je, hiyo ni dhamiri au ni hofu? Dhamiri husema, “Jambo hili ni ovu.” Hofu husema, “Jambo hili litanidhuru.” Dhamiri ya mwenzako usiilazimishe, Mtakatifu Paulo anatufundisha katika sura ya 14 ya Waraka kwa Waroma kwamba afanyaye neno huku ana shaka ajihukumu. Tafuteni zawadi ambayo nyote wawili mtaitoa kwa moyo mweupe. Lakini hofu msiiachie itawale nyumba. Mume anayeogopa jiwe la rafiki wa mkewe amekwisha kuliamini kuliko hata huyo rafiki, naye anahitaji mkewe amshike mkono na kumkumbusha ubatizo wake.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili jioni:

1. Ni rafiki yupi tumeanza kumkwepa kwa sababu ya imani zake? Mara ya mwisho alitutendea wema gani?

2. Kuna kitu kitakatifu nyumbani mwetu tunachokitumia kama hirizi?

3. Zawadi tuliyokusudia kumpa itamwambia nini sisi tukiwa kimya?

Mungu awabariki katika ndoa zenu, na Mama Maria Mfariji, somo wa kanisa kuu letu la Nyeri, awaombee ninyi na marafiki wenu wote.