Uso Si Shahidi

Je, ni haki kupima ukweli wa mtu kwa machozi yake? Naleta swali hili mbele yenu, wasomaji wenzangu, kwa sababu hapa Nakivale linaamua mambo mengi kuliko tunavyofikiri. Mtu anaketi mbele ya afisa anayemhoji juu ya yaliyomkuta Kongo. Anaeleza jinsi nyumba ilivyochomwa na nani alibaki ndani. Sauti yake iko sawa, macho makavu, kama mtu anayetaja bei za sokoni. Basi anayemsikiliza anaanza kuwaza: aliyepatwa na jambo kama lile anawezaje kulisema bila kulia? Huyu anasema bongo.

Na si maafisa tu. Siye wenyewe, kwenye matanga, tunahesabu machozi ya mjane. Akilia kidogo, eti hakumpenda bwana yake. Akicheka bombani kabla wiki haijaisha, eti yeye ndiye anajua bwana alikufaje. Mama mmoja anaweza kupoteza majirani wote kwa sababu ya kicheko kimoja.

Mimi nafanya kazi na vijana. Shule yangu iliishia sekondari, lakini tangu mwaka jana nafuata kozi ya saikolojia ya chuo kikuu, kwa simu, usiku wakati mtandao unapokuwa mwepesi. Sehemu iliyonikamata zaidi ni nadharia za hisia. Ni kesi ya miaka kama 140, na wazee wake bado hawajapatana. Nitaieleza kwa kifupi, maana inagusa moja kwa moja swali letu.

Mwaka 1884 Mmarekani William James aligeuza mambo juu chini. Siye tunasema: nimeona mnyama mkali, nikaogopa, nikakimbia. Yeye akasema hapana. Umeona mnyama, mwili umetetemeka na kukimbia, na kule kuusikia mwili wako ndiyo hofu yenyewe. Mwaka uliofuata daktari wa Denmark, Carl Lange, akatoa wazo la karibu na hilo. Nadhani Kiswahili chetu kingewapendeza, maana tunasema "nasikia huzuni" kama tunavyosema "nasikia baridi" na "nasikia njaa".

Mwaka 1927 Walter Cannon akapinga. Moyo unadunda kwa hofu, unadunda kwa kasirani, unadunda hata ukiwa na homa. Mwili peke yake hauwezi kukuambia ni hisia gani. Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer wakajaribu kuunganisha. Waliwachoma watu sindano ya adrenalini, dawa inayofanya moyo uende mbio. Wengine waliambiwa ukweli juu ya dawa hiyo, wengine hawakuambiwa. Kisha kila mmoja akawekwa na mtu aliyejifanya mwenye furaha au mwenye kasirani. Wazo lao lilikuwa hili: asiyejua kwa nini moyo wake unadunda atatafuta maelezo kwa yule aliye karibu naye. Waliorudia jaribio baadaye hawakupata matokeo yaleyale sawasawa, lakini wazo lilibaki: hisia ni mwili pamoja na maana tunayoupa.

Halafu kuna uso. Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea, kwa watu wa Fore, ambao wengi wao hawakuwa wamezoea sinema wala picha za wazungu. Mwaka 1971, yeye na Wallace Friesen waliandika kwamba watu wale, wakisimuliwa hadithi fupi, waliweza kuchagua picha ya uso unaofaa: huzuni, furaha, kasirani. Kutoka hapo wengi wakaamini kwamba uso ni kitabu kilichoandikwa kwa lugha moja duniani kote. Lakini Ekman na Friesen hao hao walisema pia kwamba kila jamii ina kanuni zake za nani aonyeshe nini, wapi, mbele ya nani. Hiyo sehemu ya pili watu wanaisahau haraka.

Siye hapa hatuwezi kuisahau. Tunaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, sehemu moja, na kila mmoja alifundishwa kulia kwa namna yake. Wanyarwanda wana msemo kwamba machozi ya mwanaume yanatiririka kwenda tumboni. Sasa mwambie mzee aliyelelewa na msemo huo alie mbele ya kijana wa miaka 25 mwenye kompyuta, ndipo aaminiwe.

Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake 4 walipitia tafiti nyingi sana na kufikia neno hili: huwezi kusoma hisia ya mtu kwa uhakika kutoka usoni peke yake. Mtu mwenye kasirani anaweza kukunja uso, anaweza kulia, anaweza hata kutabasamu. Na aliyekunja uso huenda anafikiri tu, au tumbo linamuuma. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti juu ya watu wanaojaribu kutambua uongo kwa kumtazama na kumsikiliza msemaji. Kwa wastani walipata sawa mara 54 kwa 100. Ukirusha sarafu hewani utapata 50.

Kuna jambo lingine ambalo nafikiri kila anayefanya kazi na wakimbizi alijue. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza na kuwaambia baadhi yao wasionyeshe kitu usoni. Uso ulitulia. Lakini hisia haikupungua, na dalili nyingine za ndani ya mwili, kama jasho la ngozi, zilizidi. Uso mkavu unaweza kuwa kifuniko cha sufuria inayochemka. Tena, madaktari wanajua kwamba kufa ganzi kwa hisia ni moja ya dalili za mtu aliyeona makubwa. Kwa hiyo macho makavu tunayoyachukua kama alama ya uongo yanaweza kuwa alama ya jeraha lenyewe.

Ongeza mkalimani hapo katikati. Mama anasema "niko na uchungu". Uchungu wetu ni maumivu, ni huzuni, ni kasirani, ni uchungu wa kuzaa, ni ladha ya dawa ya malaria. Mkalimani lazima achague neno moja la Kiingereza. Akichagua kasirani, mama anaandikwa kuwa mkali. Akichagua maumivu, anatumwa kliniki.

Najua mtoa huduma atanijibu: "Sawa, lakini nafasi ni chache, na wapo wanaodanganya. Nipime kwa nini basi?" Ni jibu la haki, sitalikwepa. Wadanganyifu wapo, na wanawaumiza wakimbizi wenzao kwanza. Lakini fikiri: ni nani anayeweza kulia kwa kupangwa? Ni yule aliyejiandaa. Tukifanya machozi kuwa bei ya kuaminiwa, aliyejizoeza ataipata, na aliyeumia mpaka akakauka ataikosa. Kipimo hicho kinapendelea mchezaji wa tamthilia. Pima maneno kwa maneno: mahali, njia, majina ya vijiji, mambo yanayojulikana juu ya siku zile. Na pale maneno yanapogongana, uliza tena kwa upole, maana kumbukumbu nayo inaweza kuvunjika. Uso uache.

Wala sisemi tusijali hisia. Mtu akilia, tukae naye. Lakini kujali hisia ya mtu ni kitu kimoja, kumdai aionyeshe ni kitu kingine. Kwenye kundi letu la vijana wapo wanaocheka wakisimulia walichokiona njiani. Wengine wakawa wanawakemea: "Jambo la kifo unalicheka?" Sasa tuna kanuni moja tu: kabla hujasema mwenzako anasikia nini, muulize. Na akisema "sijui", hilo nalo ni jibu. Hata maprofesa, miaka 140, bado wanatafuta.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nalisoma neno hilo kama sheria ya adabu. Mfiwa ndiye anayeanza, kwa namna yake na kwa wakati wake. Anaweza kuanza leo, anaweza kuanza baada ya miaka 10, siku mtoto wake atakapooa na kiti kimoja kikabaki kitupu. Kazi yetu wa mbali, tuwe na beji shingoni au tuwe na jeriken mkononi, ni kungoja tuitwe. Na wakati tunangoja, tumwamini.