Kuona Bado Si Kujua

Vijana wangu wa Kaaga, ninyi mlio bwenini na ninyi mliokwisha kumaliza shule, ninyi wa Chuo Kikuu cha Methodisti na ninyi mnaobeba abiria kwa boda hadi Makutano, nipeni masikio. Nimekuwa nikirudia kutazama msimu wa kwanza wa Person of Interest, tamthilia ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa tarehe 22 Septemba 2011. Najua mtacheka: mzee wa kanisa na sinema za risasi wapi na wapi? Chekeni, kisha mnisikilize, maana nimeokota humo jambo linalowahusu ninyi kuliko linavyonihusu mimi. Kumwona mtu si kumjua, na anayewachungulia wenzake bila kulijua hilo anaweza kuangamiza nyumba nzima bila kugusa mlango.

Wasioijua hadithi, ni hii. Bwana mmoja tajiri, Harold Finch, ametengeneza mtambo baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Mtambo unasoma barua pepe, unasikiliza simu na kutazama kupitia kila kamera ya New York. Serikali imeuziwa kwa dola 1 tu, ili unuse magaidi. Lakini mtambo unaona pia mauaji ya kawaida yanayopangwa: ya mume na mke, ya washirika wa biashara, ya jirani na jirani. Hayo serikali haina haja nayo, na kila usiku wa manane yanafutwa. Finch hawezi kulala akijua hivyo. Basi anamwajiri John Reese, aliyekuwa jasusi wa CIA, wakayazuie wawili wao kimyakimya.

Sasa sikilizeni penye utamu. Mtambo huo, pamoja na macho yake yote, huwapa nambari ya utambulisho ya mtu tu. Hausemi kama mwenye nambari atauawa au ataua. Inabidi Reese avae koti, atoke, amfuate mtu kwa miguu, aulize, angoje.

Hata hivyo wanakosea. Katika sehemu ya kwanza kabisa nambari ni ya mwendesha mashtaka, Diane Hansen. Reese anamlinda kama yai, kumbe mama huyo ndiye anayepanga mauaji pamoja na askari wafisadi. Katika sehemu ya saba nambari ni ya mwalimu, Charlie Burton, aliyeshuhudia mauaji na sasa anawindwa na genge la Warusi. Mwalimu mpole, mwoga wa bunduki, anayewapenda wanafunzi wake. Reese anahatarisha maisha kumtorosha, jengo hadi jengo, hadi wanafika kwenye feri. Huko ndiko mwalimu anapobadilika uso: yeye ni Elias, jambazi mkuu ambaye mji mzima unamtafuta. Na msimu unafungwa kwa kosa lile lile. Mama mmoja mshauri wa magonjwa ya akili anayeonekana kuhitaji ulinzi anageuka kuwa adui, na anamteka Finch mwenyewe.

Anayeitazama mara ya kwanza hudanganyika pamoja na Reese. Anayerudia hukaa akimtazama Burton akiongea kwa upole, na kila neno lina upande wa pili. Picha ni ile ile na maneno ni yale yale. Kilichoongezeka ni kumjua mtu. Ndiyo maana nawaambia, kama mnazo saa za kupoteza, rudieni hadithi nzuri badala ya kukimbilia mpya kila wiki.

Jambo hili la kuona bila kujua halikuanzia Marekani. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa kwa maelfu wachujwe, watafutwe waasi. Wazee wetu walituhadithia habari za gakunia, mtu aliyevikwa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Hakusema neno, alitikisa kichwa tu. Akitikisa hivi, unarudi nyumbani. Akitikisa vile, unapakiwa kwenda kambi ya kizuizini ya Manyani au Mackinnon Road, na watoto wako hawakuoni kwa miaka.

Gakunia aliona sura yako vizuri sana. Lakini nani angemuuliza kama mna kesi ya mpaka wa shamba? Nani angejua kama ana deni lako, au ulimchukulia mchumba? Hakuna. Gunia lilimpa nguvu ya kutazama bila kutazamwa na ya kushtaki bila kujibu.

Linganisheni na desturi yetu. Mbele ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, mshtaki hasimami nyuma ya gunia. Anasimama anaonekana, anasema lake, mshtakiwa naye anasema lake, wazee wanasikiliza. Hata hapa kijijini, zamani ukionekana Makutano mahali usipotakiwa, mama yako alipata habari kabla hujafika nyumbani. Lakini aliyekuona alimjua mama yako, na kesho yake mngekutana kanisani mtazamane usoni.

Leo gunia ni akaunti isiyo na jina, na kila mmoja wenu analo mfukoni. Picha inaingia kwenye kikundi cha WhatsApp: kijana kasimama kando ya pikipiki, chini yake imeandikwa kwamba ni mwizi, tumeni mbele. Aliyepiga picha haijulikani ni nani. Ukituma bila kuuliza, umetikisa kichwa. Na ninyi mnajua watu wenye hasira hufanya nini wakimkuta mtu wa namna hiyo barabarani. Hawangoji polisi wala hakimu.

Basi la kwanza, kabla ya kutuma, fanya alichofanya Carter. Huyo ni askari wa upelelezi katika tamthilia hiyo, mama makini, ambaye kwa sehemu nyingi za msimu anamsaka Reese kama mhalifu. Alama za vidole anazo. Picha anazo. Kumjua hamjui, hadi siku nambari inapokuwa yake mwenyewe na Reese anamwokoa na kifo. Tangu hapo anaanza kupima upya kila alichodhani anakijua.

La pili, kuna mambo ambayo Reese hufanya na ninyi msiyaige. Huyu bwana hunakili simu ya mtu kwa sekunde chache na kusikiliza siri zake zote. Vijana wengi wanatamani kuwa kama yeye hapo, hasa wenye wachumba wanaowashuku. Sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 inasema kuingia katika kifaa cha mtu bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mchumba usiyemwamini hadi umnakili simu, mwache. Ni nafuu kuliko wakili.

Picha za watu nazo si mali yako kwa sababu tu umezipiga. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ikafuata mwaka 2019. Msidhani ni karatasi tupu. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Kampuni moja ya mikopo ya simu nayo ikatozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa watu wengine. Ukipakua programu ya mkopo na kuiruhusu isome orodha yako ya nambari, umemtia mama yako katika deni ambalo hakulila.

La tatu, jichungeni ninyi wenyewe, maana mnatazamwa. Baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 serikali iliagiza mfumo wa kamera 1,800 za CCTV kwa Nairobi na Mombasa. Sizilaani, mwenye kumpoteza ndugu Westgate hawezi kuzilaani. Ninachowaomba ni kwamba mdai kila jicho la serikali liwe na mtu wa kulijibia, na kila simu inayosikilizwa iwe na amri ya jaji. Wala msijiuze wenyewe. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, kampuni ya Worldcoin ikapiga picha mboni za macho yao kwa malipo ya sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Sarafu huisha. Mboni za macho ni zile zile hadi kaburini.

Macho hayana pazia, wazee walisema, na mimi siwakatazi kuona. Oneni, lakini mkiona jambo baya, nendeni kwa chifu, kwa polisi, kwa mzazi wa mhusika, mseme mkiwa mnaonekana. Asiyeweza kuandika jina lake chini ya neno analomshtakia mwenzake, na anyamaze.