Msilizoee Ziwa Kivu

Wanangu wa Goma, Gisenyi, Bukavu na vijiji vyote vya kando ya Kivu, kila Jumapili nawaona mkishuka ziwani, taulo begani na chupa mkononi, na bado sijamsikia hata mmoja wenu akiuliza upepo wa leo ukoje.

Jibu lenu nalijua: Kivu halina mamba. Ni kweli, halina. Ogeleeni basi, pigeni kasia mpaka visiwani. Mungu ametupa ziwa zuri katikati ya milima, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kijana aliyezaliwa hapa asiyelifurahia ananisikitisha. Ninachokikataa ni dhana kwamba pasipo na mamba hapana kifo.

Kina cha ziwa hili kinafika karibu mita 480, na sehemu nyingi ukingo wake umekatika ghafla. Hatua mbili maji yako kiunoni, ya tatu hukanyagi kitu. Tena anayezama mara nyingi hapigi kelele. Pumzi ya kupigia kelele hana. Anaweza kupotea pembeni ya wenzake wanaocheka. Chukueni lile dumu la njano la kutekea maji, la lita 20, likiwa tupu. Lifungeni kizibo barabara, mtie kamba kwenye mkono wa dumu, liwe nanyi kila mwendapo. Mwenzenu akilemewa, mrushieni dumu alikumbatie, kisha mvuteni. Usimrukie, atakukaba shingo mzame wote wawili.

Upepo nao msiupuuze. Asubuhi maji yametulia, alasiri mawimbi yanaweza kuinuka ghafla. Na boti iliyojaa kupita kiasi haingoji hata dhoruba: Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Makumi walikufa.

Lakini linaloninyima usingizi zaidi ni mazuku. Hii ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mashimoni na kwenye mabonde ya mawe ya lava, hasa upande wa Goma na Sake. Huioni. Usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya, hujaa kama maji kwenye beseni. Mtu mzima akisimama wima anaweza kupita, huku mbwa anayemfuata anaanguka. Mtoto mdogo kimo chake ni kile cha mbwa. Ukiona mjusi, ndege au mbuzi amekufa shimoni bila jeraha, usiiname kumtazama; rudi ulikotoka. Msipige hema bondeni, wala msilale kwenye mawe hayo baada ya pombe. Na mwenzenu akianguka humo, iteni watu, kwa maana anayeinama kumwinua ndiye anayefuata.

Wapo watakaowatisha kwa habari ya gesi iliyo chini kabisa ya ziwa, wakitaja Ziwa Nyos la Kamerun lililoua watu wapatao 1,700 mwaka 1986. Hatari hiyo ipo, na wataalamu wanaichunguza. Kule Karongi, Rwanda, methani iliyomo katika gesi hiyo inatumika kuzalisha umeme. Muogeleaji hawezi kuitibua. Hofu yenu iwekeni kwenye shimo lililo hatua kumi kutoka mlipotandika mkeka.

Nyinyi kaka na dada wakubwa mnaoandaa matembezi ya sikukuu, nendeni asubuhi mrudi mapema, na wadogo zenu wasishuke popote penye kibao cha mazuku. Na mwenye boti asiye na jaketi la kuokolea maisha kwa kila kichwa, msimpe hela yenu, hata kama marafiki wote wamekwisha kupanda.