Balozi Ametumwa na Nani?

Pale uwanjani kwetu kuna bango. Lina picha ya Alphonso Davies akikimbia na mpira, na chini yake maneno ya kusema kwamba bidii inafungua milango yote. Lililetwa na watu wa shirika fulani pamoja na mipira 12 na jezi. Siku hiyo tulipiga makofi, watoto wakapigwa picha mbele yake. Mimi nawafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Nyarugusu, kwa hiyo jezi nilizigawa mimi, na hotuba ya bidii niliirudia mimi pia, tena kwa sauti.

Jioni, tunakusanya yale mawe tunayotumia kama alama, kijana mmoja akanisogelea. Ni beki wangu namba 3, nafasi ya Davies mwenyewe, ndiyo maana habari za Davies anazijua kuliko mimi. Akasema: “Kocha, yule alitoka kambini akiwa na miaka mitano. Miye niko na kumi na minne. Nimeshachelewa?”

Nikamjibu kwamba katika maisha hakuna kuchelewa. Alinitazama kama mtu aliyepima rasheni yake nyumbani akakuta imepungua, akachukua ndala zake, akaenda.

Tangu siku hiyo hili neno balozi linanisumbua. Wenyeji wetu Watanzania wana balozi wa nyumba kumi. Siyo mtu mkubwa. Unamjua mlango wake, unamjua mke wake, ukiwa na shida unamgongea hata usiku. Analeta neno la juu kwenye nyumba, na neno la nyumba analipeleka juu. Akifanya upande mmoja tu, anakuwa kipaza sauti. Sasa Davies, UNHCR ilimtangaza kuwa Balozi Mwema mwezi Machi 2021, mchezaji mpira wa kwanza kupewa heshima hiyo. Nafurahi naye kabisa. Lakini nauliza: ametumwa kwetu, au ametumwa na sisi?

Wako wazee hapa wanaosema hawa ni watoto wa kambi, wana deni letu. Mimi deni hilo silioni. Davies alizaliwa Buduburam, Ghana, mwaka 2000, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita ya Liberia. Eduardo Camavinga alizaliwa kambini Angola, wazazi wake Wakongomani kama sisi, akapelekwa Ufaransa akiwa bado mdogo sana. Nestory Irankunda, huyu aliyesajiliwa na Bayern Munich kutoka Adelaide United, alizaliwa hapa hapa Kigoma mwaka 2006, wazazi wake Warundi, na alibebwa kwenda Australia akiwa mchanga. Mchanga anakopa nini? Hata jina la kambi aliambiwa na mama yake.

Awer Mabil angalau anaikumbuka Kakuma, sababu aliishi pale mpaka miaka 10. Mwaka 2022 alifunga penati katika zile zilizoipeleka Australia Kombe la Dunia mbele ya Peru. Baada ya mechi alisema ile penati ilikuwa shukrani kwa Australia, kwa niaba ya familia yake. Kuna watu hapa walinung’unika: kwani Kakuma je? Mimi nilimwelewa. Alishukuru waliompa karatasi.

Kwa hiyo deni hakuna. Ila kukubali cheo ni jambo lingine. Ukisema mimi ni balozi wa hawa vijana, umejitwisha ujumbe, na ujumbe unafikishwa mzima. Mjumbe hauawi, sawa, lakini anaulizwa.

Na habari ya Davies ikiwa nzima haifanani na bango. Kwanza, familia yake ilipokelewa Kanada. Hapo hakukuwa na bidii ya mtoto, kulikuwa na faili, na faili lilikubaliwa. Pili, na hili ndilo watu hawalisemi, kule Edmonton alikuta programu ya mpira ya bure kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Hawakulipa ada, walipewa vifaa, na usafiri wa kwenda kwenye mechi ulikuwepo. Usafiri! Mimi niliposoma hivyo niliweka simu chini. Miaka yote naambiwa nitafute vipaji na kuwapa watoto ndoto, kumbe mwenzetu alipata basi. Bidii ilikuja baadaye, ikakuta mlango umeshafunguliwa na watu wazima.

Tukiuficha upande huo tunafanya kosa moja baya. Tunamwambia mtoto, bila kutaja, kwamba waliobaki kambini hawakujituma vya kutosha. Baba yake aliyefika mwaka 1996, mwaka kambi hii ilipoanza, na bado yupo, basi ni mvivu. Hilo ni tusi, hata likiandikwa kwa rangi nzuri.

Rafiki yangu mwalimu, tunakunywa naye chai, alinikatalia. Alisema: “Wewe mtoto hana kitu, unataka kumnyang’anya hata ndoto? Ukweli atakutana nao tu, hauhitaji kocha.” Sikuwa na jibu pale pale. Wiki ile bango lilipokuja mazoezi yalijaa, na hata wasichana waliokuwa wanatazama kwa mbali waliingia uwanjani, wakagoma kutoka. Hilo silidharau. Lakini naona kuna tumaini linalomwonyesha mtoto njia ilivyo, na mashimo yake, na kuna tumaini linalomfumba macho. Hili la pili ndilo linalotumiwa na wale matapeli wa WhatsApp, wanaojiita maajenti na kuomba hela ya majaribio Ulaya. Balozi angeweza kuwaambia vijana kwa sentensi moja kwamba kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zinazotajwa. Sentensi hiyo ingeokoa mbuzi wengi wa mama zetu.

Mabil namheshimu kwa hili: mwaka 2014 alirudi Kakuma na viatu vya mpira, na ile taasisi yake na kaka yake, Barefoot to Boots, haikuishia kwenye viatu. Ilipeleka na vifaa vya hospitali. Mtu hafikirii hospitali kama hakuuliza watu wana shida gani. Huo ndio ubalozi wa nyumba kumi.

Ninyi ndugu wa mashirika mnaosoma jarida hili, sisemi mlitoe bango. Liacheni. Lakini timu yangu haijawahi kucheza na timu ya Kasulu mjini. Kutoka kambini kunahitaji kibali, na kibali kwa vijana 18 na makocha wawili kinahitaji mtu wa kukifuatilia, kisha gari. Mkimpata balozi yeyote, hata kwa video, msimwombe aseme jitumeni. Mwombeni aulize kibali kimefika wapi. Jina lake linapokelewa kwenye ofisi ambazo mimi nasubirishwa nje.

Na mimi je? Mimi ndiye balozi aliye karibu zaidi na yule namba 3, na nilimdanganya. Tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Nyumba yao ilikuwa kwenye mchakato, walishafanya intavyu. Yeye anajua hayo yote. Aliponiuliza hakuwa anauliza habari ya mpira.

Wiki iliyopita nilimwita pembeni. Nikamwambia: kwa njia ya Davies, ndiyo, umechelewa, na hukuchelewa wewe, walichelewa wakubwa. Nikamwambia krosi zake ni nzuri kuliko za kijana yeyote niliyemfundisha, na hilo ni kweli. Nikamwambia sijui mbele kuna nini. Hakusema neno. Siku mbili hakuja mazoezini, nikawa napita karibu na kwao najifanya naenda kisimani.

Siku ya tatu alikuja. Hakunisalimia. Alichukua mpira mmoja kati ya mitatu iliyobaki, akaenda kona ya kushoto, akaanza kupiga krosi peke yake, hakuna mtu golini.