Mtoto wa Mgeni Naye Alelewe

Mfikirie mama wa Mbuchi, katika delta ya Rufiji, wakati mpunga umeshika punje. Mchana kutwa huamia ndege. Usiku hukesha dunguni akiwafukuza nguruwe na viboko. Mtoto wake wa miaka mitatu amweke wapi? Akienda naye shambani, chini ya dungu kuna maji. Akimwacha nyumbani, atamwachia bibi, au dada mtu wa miaka tisa ambaye siku hiyo atakosa shule.

Huyo angalau ana bibi. Mgeni hana.

Na wageni wapo. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, wakaelekezwa, pamoja na kwingineko, wilaya ya Rufiji, ambayo wakati ule Kibiti ilikuwa bado ndani yake. Walikuja Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai na ng'ombe zao, na ugomvi wa mifugo na mashamba ukafuata, hata damu ikamwagika. Basi ukitajwa mpango wa kuwalea watoto mchana, kama vile vituo vya vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, utasikia mtu akisema: "Hao hawajui Kiswahili, dini yao si yetu, na ng'ombe zao zimekula mpunga wetu."

Hili la mpunga si dogo, wala simlaumu aliyepotelewa na chakula cha mwaka mzima akiwa na uchungu. Lakini apeleke madai yake kwa mwenye ng'ombe. Mtoto wa miaka mitatu hakuswaga ng'ombe yeyote.

Ama hilo la dini na kabila, jiulize Mtume wetu (S.A.W.) alilelewa na nani utotoni. Alichukuliwa na Bibi Halima, wa Banu Saad, watu wa jangwani wenye kuchunga wanyama. Hakuwa wa ukoo wake, na Uislamu ulikuwa haujaja. Mfugaji alimpokea yatima wa mjini, wakati wanyonyeshaji wengine, kama wasemavyo wanavyuoni wa sira, walimkwepa kwa kuwa hana baba wa kuwalipa. Leo mtoto wa mfugaji amesimama mlangoni petu. Tumwambie nini?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa lugha, dini, mila au asili yake. Hata hivyo sheria haimfundishi mlezi kumwelewa mtoto anayelia kwa Kisukuma. Mlango waweza kuwa wazi na mtoto asiwe ameingia: hajui kuomba maji, wala kusema kwamba kichwa chamuuma, na jioni mama yake akija hakuna wa kumweleza kilichotokea. Wasemao ajifunze kwanza Kiswahili nyumbani, atajifunza kwa nani, ikiwa mama mwenyewe anakibabia?

Mfano uko karibu. Mombasa, katika miaka ya 1980, Waislamu walitaka shule za awali zitakazowaandaa watoto wao kwa skuli bila kuwatoa katika dini na desturi zao. Bibi Swafiya Said, akisaidiwa na taasisi ya Aga Khan, aliwafunza akina mama wa mitaa ile ile kuwa walimu. Kazi hiyo ikaenea hadi Unguja na Uganda. Tulitaka watoto wetu wapokewe pamoja na lugha yao na mila zao. Je, tunalolitaka kwa wetu, tumnyime wa mwenzetu? Na uji wa kituoni usiwe chambo cha kumbadili mtoto dini nyuma ya wazazi wake. Tungekasirika sana tungefanyiwa sisi.

Mbuchi, basi, kituo kikifunguliwa, mmoja wa walezi awe mama wa Kisukuma. Ujira wake utoke wapi? Kila nyumba, ya mkulima na ya mfugaji, itoe kidogo baada ya mavuno, mpunga au maziwa, na yeye akae kwenye kamati inayogawa.