Zitengeni Sifuri Zenu

Wanangu wa Kabambare na Kasongo mnaojifunza kuandika programu, kaeni kidogo niwaambie. Nambari ndefu hazikuja na kompyuta. Mwishoni mwa 1992 tuliletewa noti ya 5.000.000 za zaire, pesa yetu ya wakati huo, wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakafanya ghasia na kupora Kinshasa. Oktoba ya mwaka huohuo zaire 3.000.000 zikageuzwa kuwa zaire mpya 1, na Juni 1998 zaire mpya 100.000 zikawa faranga 1.

Sasa kijana akitaka programu ya kulinganisha bei za zamani na za leo, itambidi aandike 300000000000, yaani 3.000.000 mara 100.000, zaire za zamani zilizomo katika faranga moja. Sifuri ngapi hizo? Nawaona mnazihesabu kwa kidole kwenye kioo, kama baba zenu walivyofanya kwenye daftari la duka, na miaka yote ni yaleyale: macho yanachoka, sifuri moja inadondoka, deni la mtu linapungua mara kumi na ugomvi unaingia nyumbani. Silaumu. Jicho la binadamu likipita tarakimu nne au tano huanza kukisia.

Mama wa sokoni hakumwagii gunia la mchele uhesabu punje; anakupimia kwa kopo. Lugha za programu nazo zina kopo lao, kistari cha chini. Ada inacho tangu 1983, Java tangu 2011, Python tangu toleo la 3.6 la mwaka 2016. Andika 300_000_000_000: kompyuta inavipuuza vistari, thamani haibadiliki hata likuta moja, na msomaji anaona mara moja kuwa ni bilioni mia tatu. Wa C++ wao wanatumia ritifaa, tangu 2014.

Lakini nukta zetu za madaftarini ziacheni hukohuko. Ukiandika bei ya 2.500 katika Python, mashine inasoma mbili na nusu, kimya kabisa. Ukiweka mkato, 2,500, inashika vitu viwili, 2 na 500. Kosa lenye kelele lina nafuu; hili utalikuta mwisho wa mwezi, mali imeshaondoka.

Najua mna haraka, betri ya sola inakaribia kuisha. Hata hivyo, kabla hamjazima usiku huu, fungueni kazi ya wiki hii, tafuteni kila nambari iliyozidi tarakimu nne, muitenge kwa vistari.