Amri ya Klaudio na Cherehani Mlangoni

Somo: Matendo ya Mitume 18:1–4

Mnamo mwaka wa 49, Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Rumi. Amri hiyo haikuuliza nani fundi hodari na nani mvivu. Akila na mkewe Prisila wakafungasha, wakahamia Korintho. Ufundi wa kushona mahema walikwenda nao. Paulo alipofika mjini alikaa kwao, wakafanya kazi pamoja, maana ujuzi wao ulikuwa mmoja.

Hapa Gatwekera, Kibera, amri kama hiyo tunaijua. Mtu amedamka miaka na miaka kwenda kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, ana watoto sekondari, kisha barua inafika: kampuni inapunguza wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakiri kwamba anayepoteza kazi hivyo hana kosa, tena inamtengea malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Aibu, hata hivyo, sheria haiiondoi. Majirani waliozoea kumwona na beji ya kampuni shingoni sasa watamkuta mlangoni, anakanyaga cherehani, anapunguza suruali za mitumba kutoka soko la Toi.

Mpendwa, mtazame Paulo. Kila Sabato alihojiana na watu katika sinagogi, na mikono hiyohiyo ya mtume ikashona mahema ili apate riziki. Nyumba ya mafundi wale nayo ilizaa makubwa. Baadaye huko Efeso, Akila na Prisila walimchukua Apolo, mhubiri msemaji, wakamfafanulia njia ya Mungu, na kanisa likakutana nyumbani mwao. Mungu hakungoja warudi Rumi ndipo awatumie.

Basi wewe uliyepigwa kalamu ukiwa na miaka 45 au 50, kwanza dai haki yako yote bila woga. Kisha toa cherehani nje, au meza ya kupigia pasi, au kiti cha kusukia nywele. Andika bei kwenye kadibodi, uitundike mtu aione kabla hajaketi, marafiki wasije wakakumaliza kwa mkopo.

Nawe jirani unayemwombea fundi huyu kila Jumapili, mpelekee suruali yako wiki hii. Ukienda kuichukua, mlipe papo hapo.